Kuchagua pikapu ya kuvuta nyumba ya tela: anza na mizani

Mwangaluka, ndugu zangu! Mko nami Tabora mjini, chini ya mwembe, na hiki mnachokiona nyuma yangu watoto wa mtaani wamekibatiza "kibanda kinachotembea". Ni karavani: nyumba ndogo juu ya tela, vitanda viwili, jiko la gesi, tangi la maji. Zamani karavani iliyopita Tabora ilikuwa msafara wa watu kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji, mizigo kichwani. Mizigo ile ilikuwa na miguu ya kuibeba. Huu wangu unataka gari.

Naitumia msimu wa kurina asali, maporini upande wa Sikonge na Ipole, wiki mbili tatu bila kurudi mjini. Na kila ninaposimama mtu ananiuliza, "Kaka, ninunue gari gani?" Sina jibu mpaka uniambie tela lako lina kilo ngapi.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kupima tela, nalo limejaa. Si tupu! Tazama hesabu yangu hapa ubaoni. Nyumba tupu ni kilo 1,150. Maji lita 100, hizo ni kilo 100. Madebe kumi ya asali: debe la lita 20 la asali halina kilo 20, lina kama 28, kwa sababu asali ni nzito kuliko maji. Basi weka 280. Vitanda, betri, mtungi, sufuria na vyakula, kilo 170. Jumla 1,700. Fundi aliyenichomelea aliniambia, "Hii haifiki hata tani na robo." Alisema kweli, ila hakuhesabu asali.

Hatua ya pili, uzito wa shingo ya tela, yaani ule unaokaa juu ya nundu ya chuma nyuma ya gari. Sogeza kamera hapa, dogo. Chukua mizani ya jukwaa, ile ya kupimia magunia, weka kipande cha mti kisimame juu yake, kisha shusha shingo juu ya mti, tela likiwa limelala sawa kama linavyokaa barabarani. Lenga asilimia 10 ya uzito wote. Kwangu ni kilo 170.

Hapa nikae kidogo, maana hapa ndipo nilipofundishwa adabu. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa na gari fupi la foo wili, zuri kwa macho, nikapakia madebe yote nyuma kabisa ya karavani ili yasinizuie mlango. Shingo ikawa nyepesi. Kwenye lami ya Sikonge, mwendo wa 80, tela likaanza kutikisa mkia, kulia, kushoto, na gari likafuata. Nilitaka kukanyaga breki. Bahati nzuri mzee niliyekuwa naye akanishika goti: "Achia mafuta tu, usukani ushike ukiwa umenyooka." Likatulia. Kukanyaga breki ya gari kwa nguvu wakati ule kungelifanya tela lipinde shingo litupitie. Kwa hiyo vizito viwe juu ya ekseli au mbele yake kidogo, chini sakafuni. Usizidishe pia mbele: shingo ikiwa nzito mno, matako ya gari yanashuka, taa zinamulika matawi ya miti na usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli.

Sasa ndiyo twende kwenye gari. Hatua ya tatu ni kusoma namba tatu, na muuzaji atakutajia moja tu. Atakwambia, "Hii inavuta tani tatu na nusu." Pikapu nyingi za siku hizi zenye injini kubwa ya dizeli, kama Hilux ya 2.8, Ranger na Land Cruiser 79, zimeandikiwa kweli kilo 3,500 kwenye nchi nyingi, tela likiwa na breki zake. Muulize namba ya pili: gari lenyewe likijaa linaruhusiwa kilo ngapi? Halafu ya tatu: gari na tela kwa pamoja? Tuseme gari linaruhusiwa 3,000, kuvuta 3,500, lakini vyote pamoja 5,850. Jumlisha mwenyewe: 6,500. Umezidi kilo 650. Ukijaza gari, tela haliwezi kujaa.

Na ile shingo ya kilo 170 inahesabiwa kama mzigo wa gari. Pikapu inayobeba tani moja: toa 170, toa watu watano wa kilo 75, toa ngao ya mbele na turubai na vyuma vyake kilo 110. Imebaki 345, na bado hujaweka tairi la pili la akiba wala madumu ya dizeli. Kama gari limetoka Japani na kitabu chake ni cha Kijapani, tumia namba ya modeli kwenye kibati cha gari kutafuta vipimo vya modeli ileile. Usikubali "zote ni sawa".

Kanuni ninayoipenda ni ya Uingereza: anayeanza kuvuta karavani hushauriwa tela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Kwa tela langu la 1,700, nahitaji gari lisilopungua kilo 2,000. Gari jepesi linaweza kulivuta. Kulisimamisha ng'ombe akikatiza ni habari nyingine. Ndiyo maana Ulaya na Australia tela likizidi kilo 750 lazima liwe na breki zake. Weka breki, hata kama hakuna atakayekuuliza.

Hatua ya nne, injini. Tabora tuko kama mita 1,200 juu ya bahari, na injini isiyo na tabo, kile kifaa kinachosukumia injini hewa ya ziada, hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ile dizeli ya zamani ya Land Cruiser, 4.2 isiyo na tabo, mafundi wetu wanaijua hata gizani, nami naiheshimu, lakini kwenye mchanga na tela itakuomba gia ya pili siku nzima. Mimi nachukua yenye tabo. Gia za mkono au otomatiki? Kwenye mchanga otomatiki inaondoka kwa upole. Ya mkono inaunguza klachi ukirudi nyuma taratibu. Ila otomatiki iwe na kipoza oili ya gia boksi.

Umbali kati ya ekseli mbili nao tazama. Hilux ya sasa ni milimita 3,085, Prado ya 150 ni 2,790. Refu hutulia zaidi mbele ya tela, fupi hukata kona vizuri porini. Nimechagua kutulia.

Kabla ya kutoa pesa, lala chini ya gari. Chuma cha tela kifungwe kwenye chesisi kwa bolti, si kuchomelewa kwenye bampa. Angalia nyufa kwenye chesisi nyuma ya kabini, na springi za nyuma zisiwe zimelala. Nundu iwe milimita 50, sawa na kikombe cha tela kinachoifunika, na minyororo miwili ipishane chini ya shingo.

Hatua ya mwisho ni kulijaribu likiwa na tela. Kwenye lami kavu usiweke foo wili, gia boksi itajikaba. Kwenye mchanga punguza upepo mpaka PSI 18 hivi, gari na tela, ukitoka ujaze tena. Kwenye mbuga nyeusi, ule udongo mweusi unaonata, mvua ikinyesha, usiingie kabisa.

Nenda kilomita 30, simama, gusa vitovu vya magurudumu kwa mkono. Dogo, njoo na kamera. Hiki cha kulia ni vuguvugu, sawa. Hiki cha kushoto... aah, kina moto. Breki imeshika. Niletee jeki.