Wananchi wanasema acha, bunge linasema piga

REHEMA: Haya karibuni tena jamani, leo Sudi kaamka na hasira zake, mtamsikia wenyewe.

SUDI: Hasira gani dada, mi nauliza tu. Julai 2025 Gallup, wale wa kura za maoni, waliwauliza Wamarekani kuhusu vita vya Gaza, wanaokubaliana na operesheni ya Israel wakawa asilimia 32, wanaopinga 60. Mwezi huohuo Seneti ya Marekani ikapigia kura hoja ya kuzuia silaha kwa Israel, kura zilizotaka zizuiwe 27, zilizokataa 70. Sasa wale pale wanamwakilisha nani?

REHEMA: Wanamwakilisha anayeweza kuwatoa kwenye kiti, basi. We unadhani hawajui watu wanawaza nini? Wanajua kuliko mimi na wewe, wana watu wanawalipa wawasomee hizo tafiti. Ila wanajua na kitu kingine, kwamba huyu mwananchi akipigiwa simu na kuulizwa atasema napinga, tena kwa sauti, halafu akifika kwenye sanduku anawaza maisha yalivyopanda, matibabu, kazi ya mwanae, vita ya mbali iko huko chini namba tisa.

SUDI: Kwa hiyo wengi wa mdomo.

REHEMA: Wa mdomo tu! Na pembeni kuna wachache ambao kwao hilo jambo ndo namba moja, wana hela, wamejipanga, na hawasahau. Chukua Jamaal Bowman, mbunge wa New York aliyekuwa anaikosoa Israel, 2024, kundi la kampeni lililo chini ya AIPAC, wale wanaoitetea Israel kwa wanasiasa wa Marekani, lilimwaga zaidi ya dola milioni 14 kumng'oa, na hapo ni kwenye mchujo wa chama chake tu, na akang'oka kweli.

SUDI: Hapo nakukatalia kidogo. Bowman alikuwa na mambo yake, si unakumbuka ile kengele ya moto aliyoibonyeza kwenye jengo la ofisi za bunge mpaka akashtakiwa? Tusifanye hela ndo kila kitu.

REHEMA: Sikatai. Ila wabunge wenzake waliokuwa wanaangalia, unadhani walilala wanawaza kengele au wanawaza milioni 14?

SUDI: Hahaa, umenikamata. Lakini mi naona hela ni ya Marekani zaidi. Uingereza pale ni chama kinakubana, mnadhimu, yule wa chama anayesimamia wabunge wapige kura vipi, anakuja na karatasi, kura yako hii hapa, ukienda kinyume uwaziri usahau. Angalia Iraki. Februari 15, 2003 watu walijaa London, polisi wenyewe ambao huwa hawapendi kuzidisha walisema laki saba na nusu, waandaaji wakasema milioni na zaidi. Mwezi mmoja baadaye, Machi 18, Bunge likapitisha vita 412 kwa 149. Robin Cook, waziri, alishajiuzulu siku moja kabla kupinga vita, akahutubia kutoka viti vya nyuma vya wabunge wa kawaida, wenzake wakampigia makofi kitu ambacho mle ndani hakifanyiki kirahisi, halafu kesho yake Bunge likapitisha vita vilevile. Makofi bure!

REHEMA: Lakini malizia hadithi yote kaka. Vita ilipoanza, maoni ya Waingereza yakageuka, wengi wakaunga mkono, manake vijana wao walishakuwa uwanjani. Serikali zinalijua hilo. Anza kwanza, watu watakufuata, wakija kuchoka wewe umeshamaliza au umeshastaafu.

SUDI: Na sheria inabaki.

REHEMA: Enhee! Hilo ndo linaniuma mimi. Septemba 14, 2001, siku tatu baada ya mashambulizi ya Septemba 11, Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipiga kura 420 kwa 1 kumruhusu rais atumie jeshi dhidi ya waliohusika, huyo mmoja aliyekataa ni mbunge Barbara Lee, akatishiwa maisha mpaka akawekewa walinzi. Siku ile hakukuwa na pengo lolote, wananchi na wabunge walikuwa kitu kimoja kwa hasira. Maoni yakaja kubadilika, lakini ile ruhusa haikuandikwa mwisho wake, marais wanne wakaitumia, kwenye nchi ambazo siku ile hakuna aliyezitaja.

SUDI: Sasa nikupe ya kunifurahisha mimi. Uturuki, Machi 1, 2003. Marekani inataka kupitisha wanajeshi waingie Iraki kwa upande wa kaskazini, serikali inataka, chama tawala kina wabunge kibao, mtaani watu hawataki kabisa. Kikao cha siri, milango imefungwa. Kura zikahesabiwa, ndiyo 264, hapana 250.

REHEMA: Si imepita hiyo?

SUDI: Hata wao walidhani imepita, habari zikatoka imepita! Kumbe kuna 19 walijizuia, waliohudhuria jumla 533, na kanuni inataka zaidi ya nusu ya waliohudhuria, yaani 267.

REHEMA: Kura tatu!

SUDI: Tatu, dada. Na kati ya waliokwamisha walikuwemo wengi wa chama tawala chenyewe. Meli za Marekani zilishafika karibu na pwani zimejaa vifaa vya divisheni nzima, zikakaa zikisubiri, mwisho zikageuza zikazungukia Suez mpaka Kuwait.