Msiba ruksa, kikao cha harusi je? Amri za korona zilivyotuacha njia panda Arusha na Moshi

LOMAYANI: Karibu msikilizaji. Tuko Arusha leo, mimi ni Lomayani, na mwenzangu Aika amekuja na basi la asubuhi kutoka Moshi. Karibu dada.

AIKA: Asante kaka. Za huku?

LOMAYANI: Njema, baridi tu la Julai. Dada, nimekuomba tuzungumze jambo ambalo watu wengi wangependa liishie huko huko lilikoishia. Zile amri za wakati wa korona. Kukusanyika, kutokukusanyika, kurudi kazini. Nina sababu. Januari 2025 Rais Samia alitangaza pale Dodoma kwamba ugonjwa wa Marburg umeonekana Biharamulo, Kagera. Mgonjwa mmoja alithibitishwa. Jirani yangu akanigongea jioni ileile: "Sasa harusi ya mwanangu itakuwaje?" Biharamulo na Arusha wapi na wapi! Lakini nikaona hofu yake si Marburg. Ni kutojua ataambiwa nini, na nani, na lini.

AIKA: Hofu hiyo naielewa kabisa, maana sisi wa Kaskazini korona ilianzia kwetu. Mgonjwa wa kwanza kutangazwa nchini alishuka uwanja wa ndege wa KIA akitokea Ubelgiji, Waziri Ummy Mwalimu akatangaza tarehe 16 Machi 2020. Kesho yake Waziri Mkuu Majaliwa akafunga shule kwa siku 30, akazuia michezo, matamasha, mikutano ya siasa. Vyuo vikafuata siku iliyofuata. Makanisa na misikiti vikabaki wazi, masoko wazi, daladala zinatembea.

LOMAYANI: Hapo ndipo watu walipoanza kuulizana.

AIKA: Wanaulizana na hakuna wa kuwajibu! Maana maisha yetu mengi hayapo shuleni wala uwanjani. Yapo kwenye vikao. Wewe unajua harusi ya Moshi. Kabla ya siku yenyewe kuna vikao miezi mitatu, minne. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina, kamati ya chakula, kamati ya ukumbi. Watu thelathini, arobaini, chumba kimoja, kila wiki. Je, hicho ni kikao cha familia au ni mkusanyiko? Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, anakwambia hajaletewa barua. Nenda kwa mtendaji wa kata, anakwambia fanyeni lakini msizidi. Msizidi wangapi? Kimya.

LOMAYANI: Na ukumbi umeshalipiwa.

AIKA: Umeshalipiwa! Mchango wa watu umo mle. Familia moja ya karibu yangu ilikuwa na sendi ofu mwishoni mwa Machi. Mwenye ukumbi akasema mimi sijafungwa, njooni. Mpambaji akasema mimi siji. Padri akasema ndoa nitafungisha. Kila mmoja alikuwa na haki yake, na kila mmoja alikuwa anakisia. Mama wa binti alilia, si kwa ajili ya ugonjwa, ni kwa sababu hakujua awaambie nini waliochanga.

LOMAYANI: Ngoja nikupinge kidogo. Mimi nasema ule ulegevu uliwasaidia watu. Tazama majirani zetu wa Kenya: tangu mwisho wa Machi 2020 amri ya kutotoka nje usiku, kuanzia saa moja. Mazishi watu 15. Hapa mama ntilie wa soko la Kilombero angefungiwa ndani angekula nini? Bodaboda wa Sakina anakula alichopata leo. Kwa hiyo kutokufungiwa kulikuwa nafuu.

AIKA: Nakubali kabisa, na sitaki mtu asikie nikidai tungefungiwa. Lakini kaka, kumwachia mtu atoke ni jambo moja, kumwacha hajui ni jambo jingine. Ungeweza kuacha soko wazi na bado ukamwambia mama ntilie kwa nini, na ajikinge na nini.

LOMAYANI: Tuliambiwa tunawe. Ndoo za maji tiririka zilikuwa kila mlango.

AIKA: Zilikuwa nyingi, na kunawa ni jambo jema, kuna maradhi mengi yanazuiwa hapo. Ila kirusi hiki kinasafiri zaidi kwenye hewa tunayoivuta pamoja. Hata Shirika la Afya Duniani lilichelewa kulisema hilo waziwazi. Machi 2020 lilikuwa linasema hakisambai kwa hewa, na maelezo yake yakabadilika taratibu mpaka 2021. Sasa fikiria tungeelezwa mapema kwa Kiswahili chepesi: chumba kimefungwa, watu wengi, muda mrefu, sauti za juu, hapo ndipo hatari. Basi. Mtu yeyote wa Marangu angejua kupanga mambo yake.

LOMAYANI: Angejua vipi?

AIKA: Msiba wetu unakaa nje, kaka! Kihambani, yaani kwenye shamba la nyumbani, chini ya migomba na turubai lililo wazi pande zote, upepo wa mlima unapita. Kikao cha harusi kinakaa ndani, madirisha yamefungwa kwa baridi, watu wanabishana bajeti kwa saa tatu. Ukijua ni hewa, unaona mara moja kwamba kikao kina hatari kuliko wale waombolezaji mia walioko nje. Sisi tulifanya kinyume. Msiba tukauogopa, watu wakaacha kwenda kumpa pole mjane, halafu kikao tukakiendeleza kwa sababu "ni sisi kwa sisi tu".

LOMAYANI: Aisee. Hapo umenigusa. Mwaka ule mzee wa boma letu alizikwa na watu wachache mno. Kwetu mzee wa rika lile anazikwa na ukoo mzima. Wanaume walisimama mbali barabarani, hakuna aliyewaambia waje wala waende. Mpaka leo wapo ambao hawajisikii kuingia boma lile.

AIKA: Kwetu vivyo hivyo. Mtu akifia Dar es Salaam analetwa nyumbani, anazikwa kihambani kwake karibu na waliomtangulia. Kumzuia mtu asifike pale ni jambo zito. Linawezekana, watu wetu si wakaidi, lakini linataka maelezo. Mwite mchungaji, mwite mkubwa wa ukoo, kaeni. Sema: ndani ya nyumba waingie wachache kwa zamu, ibada iwe nje, wimbo ufupishwe, wazee wenye sukari na presha wakae pembeni penye hewa. Watu wangefuata.

LOMAYANI: Lakini huko kwa wenzetu walipewa namba kabisa, na bado walichanganyikiwa. Nina binamu England, muuguzi. Septemba 2020 waliwekewa kikomo cha watu sita, nje na ndani. Yeye na mumewe na watoto wanne tayari ni sita. Bibi akija, wamevunja sheria. Ukivuka kwenda Scotland, mtoto chini ya miaka 12 hahesabiwi. Nchi moja, ufalme mmoja!

AIKA: Na kazini?

LOMAYANI: Kazini ndiyo balaa. Mei 10, 2020 waziri mkuu wao wa wakati ule, Boris Johnson, aliwaambia wasioweza kufanya kazi nyumbani, kama wa viwandani na wajenzi, warudi, ila waepuke mabasi na treni. Sasa fundi asiye na gari anafikaje? Wakaja kuhimizwa kurudi maofisini wakati wa kiangazi, halafu Septemba 22 wakaambiwa wanaoweza wabaki nyumbani. Na baadaye huyohuyo waziri mkuu akapigwa faini na polisi kwa sherehe iliyofanyika ofisini kwake mwaka ule wa 2020. Binamu yangu aliniambia siku ile aliumia kuliko siku zote, kwa sababu aliwazuia watu mlangoni pa wodi wasimuage mama yao.

AIKA: Masikini. Unaona basi, namba peke yake haisaidii. Namba isiyo na sababu ni fumbo tu, kila mtu analifumbua kwa faida yake.

LOMAYANI: Tuje kwenye kazi za hapa. Hakuna aliyetamka maofisi yafungwe, sivyo?

AIKA: Hapana. Kila bosi akawa serikali ya ofisi yake. Hapa Arusha ndiyo ilionekana wazi zaidi, maana kuna taasisi za kimataifa, kuna kampuni za utalii, kuna viwanda, kuna mashamba ya maua huko Usa River na Tengeru. Barabara hiyohiyo moja, huyu anafanyia kazi nyumbani na mshahara kamili, yule anaingia zamu kama kawaida, wa tatu ameambiwa nenda, tutakupigia.

LOMAYANI: Huyo wa tatu ndiye wengi wetu. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili 12. Madereva wa safari, wapishi, wapagazi wa mlima, wote chini. Zikaruhusiwa tena Mei 18, lakini wageni hawakurudi kwa amri. Rafiki yangu dereva aliambiwa kwa simu "likizo bila malipo". Mei ileile akaitwa aje kuosha magari na kuhudhuria semina ya kujikinga. Akauliza, nimerudi kazini au nimekuja kusaidia? Hakujibiwa. Na mshahara haukuja.

AIKA: Na hapo sheria ipo, ndiyo inayoniuma. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haikusitishwa na korona. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo. Ukiugua, na umefanya kazi zaidi ya miezi sita, una siku 126 ndani ya mzunguko wa miezi 36: za kwanza 63 mshahara wote, 63 zinazofuata nusu. Mwajiri akitaka kubadilisha masharti ya kazi anatakiwa azungumze na wewe. Akitaka kupunguza watu, atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane. Kupigiwa simu na kuambiwa "likizo bila malipo" siyo mashauriano.

LOMAYANI: Sasa yule aliyekohoa akarudishwa nyumbani? Maana hao walikuwa wengi.

AIKA: Huyo ndiye aliyedondoka katikati. Likizo ya ugonjwa inataka cheti cha daktari. Kupima korona wakati ule sampuli ilikwenda Dar es Salaam, maabara ya taifa. Cheti utakipata lini? Bosi anasema usije unakohoa, afisa utumishi anasema siku hizo zinakatwa kwenye likizo yako ya mwaka. Mfanyakazi anajifunza nini hapo? Anajifunza kumeza dawa ya kikohozi na kuja. Kanuni iliyowekwa kumlinda mwenzake ikamfundisha kuficha.

LOMAYANI: Na hatukuwa na takwimu za kutuongoza. Mwanzoni mwa Mei 2020 zilitolewa za mwisho, wagonjwa 509, vifo 21. Baada ya hapo, kwa zaidi ya mwaka, hakuna. Juni 1 vyuo na kidato cha sita wakarudi, Juni 29 shule zote. Mzazi anapeleka mtoto, bosi anaita watu, na kila mmoja anapima hali kwa kusikiliza kengele za kanisa na matangazo ya vifo.

AIKA: Na usimsahau dada wa kazi. Mama anafanyia kazi sebuleni kwa kompyuta, anaogopa kukutana na wenzake wa ofisini, lakini dada anapanda daladala kutoka Ngarenaro kila asubuhi, amebanwa, na ndiye anayemlisha mtoto. Kuna nyumba zilimwambia ahamie palepale, asiende kwao mpaka hali itulie. Bila nyongeza. Huyo hakuna amri iliyomtaja hata kwa neno moja.

LOMAYANI: Mimi niligusie la Namanga. Mei 2020 dereva wa lori anapimwa upande wa Kenya, anaambiwa ana korona. Viongozi wa mkoa wetu wanasema majibu hayo si sahihi, wanapima upya, wanasema hana. Mei 16 Kenya ikafunga mpaka wake na sisi, isipokuwa mizigo. Foleni ya malori kilomita na kilomita, watu wanalala chini ya magari, wanapikia pamoja, wanakunywa pamoja. Yaani ugomvi wa kuzuia mkusanyiko ukazaa mkusanyiko.

AIKA: Na 2021 lilipokuja wimbi la tatu la korona, mambo yalikuwa na afadhali. Rais Samia aliunda kamati ya wataalamu, Julai 28 akachanjwa hadharani, wizara ikazungumza. Hilo nalishukuru. Lakini tamko la Julai lilisema mikusanyiko "isiyo ya lazima" isitishwe. Kaka, nani atakwambia msiba wake si wa lazima? Nani atakwambia ubarikio wa mwanawe si wa lazima?

LOMAYANI: Kwa hiyo ungependa tamko lisomekeje?

AIKA: Liseme tunachokiogopa kinapitaje. Ni hewa, ni mguso, ni maji ya mwili? Maana Marburg siyo korona. Marburg inapita kwa kugusa majimaji ya mgonjwa au maiti, na hapo kuosha maiti ndiyo hatari kubwa, turubai na upepo havitakusaidia. Mtu aliyekariri "kaa mbali, vaa barakoa" mwaka 2020 ataumia akidhani ni yaleyale. Na liseme litaangaliwa upya lini, ili mwenye harusi ajue asogeze mpaka mwezi gani. Na mtendaji wa kata apewe karatasi hiyohiyo aliyo nayo mkuu wa mkoa, siku hiyohiyo.

LOMAYANI: Na kwa msikilizaji ambaye bosi wake kesho atamwambia "kaa nyumbani kwanza"?

AIKA: Aombe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha kuanzia. Aulize maswali haya: siku hizi ni za likizo ipi, zinalipwa au hazilipwi, nirudi lini. Autunze. Kama anahisi ameachishwa isivyo halali, ana siku 30 kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai mengine, kama mshahara aliozuiliwa, siku 60. Tume ina ofisi Arusha na Moshi pia. Rafiki yako dereva alikwenda?

LOMAYANI: Hakwenda. Alisubiri kupigiwa simu mpaka siku zikapita.

AIKA: Wengi walifanya hivyo. Asisubiri mwingine.

LOMAYANI: Asante dada Aika. Msikilizaji, kama una barua au ujumbe uliopewa kazini wakati ule na mpaka leo hujui ulimaanisha nini, tutumie. Kipindi kijacho tutakaa na mwanasheria wa kazi, tuzipitie moja moja.