Kliniki ya maumivu Uingereza: usiseme "tatu" kwa aibu

Assalaam aleikum wapendwa, na wenzangu wa "habari zenu", habari zenu. Leo nimekaa jikoni kama mnavyoniona. Hiki kidude chenye umbo la yai ni saa ya jikoni, nimeitega dakika kumi. Ikilia nasimama, tutaendelea nikiwa wima. Msishangae, mtaelewa mbele ya safari.

Mgongo wangu mnaujua, maana nimeulalamikia humu mpaka wengine mmenizoea. Miaka minne nimetunza wazee hapa Birmingham. Kumgeuza mtu kitandani, kumnyanyua usiku ambao mashine ya kunyanyulia imekufa na mwenzako wa zamu kapiga simu kwamba anaumwa. Mgongo ukagoma. Maumivu yakivuka miezi mitatu madaktari huyaita sugu, mimi yalikuwa yamefika mwaka na nusu ndipo GP, yaani daktari wa mtaani kwetu, akaniandikia rufaa ya kliniki ya maumivu. Nikasubiri miezi saba. Miezi saba hiyo nimejipigia picha kichwani: nitaingia, nitalazwa kifudifudi, sindano moja ya mgongo, natoka natembea kama kijana wa Ngamiani siku ya Idi.

Sindano sikuiona. Nilikaa kwenye kiti karibu saa nzima naulizwa maswali.

Na kumbe ndivyo inavyotakiwa. Mwongozo wa matibabu wa hapa Uingereza tangu 2016 unasema mgongo unaouma wenyewe tu, bila mshipa wa fahamu wa mguu kubanwa, usichomwe sindano za uti wa mgongo. Zipo kwa watu wengine na sababu nyingine. Kwa hiyo ukienda na picha yangu ile, utarudi umenuna kama nilivyonuna mimi.

Sasa turudi nyuma kidogo. Wiki mbili kabla ya siku yenyewe inakuja bahasha ya fomu. Ngoja niisogeze kwenye kamera. Mnamwona huyu mtu wa mchoro, mbele na nyuma, hata uso hana? Unatia wino panapouma. Mimi nilipaka kiunoni nikafunga kalamu. Mke wangu akaninyang'anya: "Na huo mguu unaouburuta ukidhani sikuoni?" Akavuta mstari kutoka tako la kushoto mpaka kisigino. Nakwambieni, daktari alipoishika ile karatasi, kidole chake kilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mke wangu. Jazeni fomu na mtu mnayeishi naye.

Ndani kulikuwa na daktari, halafu dada wa fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya viungo. Akaniuliza: sifuri mpaka kumi, maumivu ni ngapi? Nikasema tatu. Jamani, tatu! Na huku nimekaa kwa tako moja. Lakini mtu uliyepita jandoni ukaambiwa mwanamume halii, mbele ya dada usiyemjua utaanzia wapi kusema nane? Akaandika tatu yake, akanyanyua macho: "Sawa. Na hiyo tatu inakuzuia kufanya nini?"

Hapo ulimi ukakwama. Nikasema sijasujudu tangu mwaka juzi. Nasali kwenye kiti, nyuma ya msikiti, na wazee. Nina miaka arobaini na moja. Soksi ya kushoto navalishwa. Kazini wamenitoa kwenye zamu za usiku, fedha imepungua. Yule dada aliandika ukurasa mzima.

Kwa hiyo kabla hujaenda, namba usiihangaikie sana. Andika inachokunyima. Mimi sasa nina daftari, hili hapa, soma: "Jumatatu, nimefagia ngazi, usiku sikulala." Mstari mmoja kwa siku, basi.

Halafu maneno. "Mwili wote unauma" hakumsaidii mtu. Kiswahili chetu kina utajiri hapa kuliko hiyo fomu yao. Yanachoma? Yanawaka kama umegusa pilipili? Yanapwita, yanavuta, yanakaza? Ganzi? Kama umeme unakimbia mguuni? Kuwaka na umeme humfanya daktari afikirie mishipa ya fahamu, na dawa zake ni nyingine. Kama Kiingereza chako ni cha dukani, omba mkalimani mapema, NHS, yaani huduma ya afya ya serikali hapa, wanalipa wao. Useme na Kiswahili cha wapi. Mama mmoja jirani yangu, mtu wa Bukavu, alikwenda na mwanawe wa miaka kumi na nne awe mkalimani. Wakafika kwenye swali la mambo ya chumbani na mumewe. Mtoto akanyamaza, akatazama dari, akamwambia daktari, "Anasema hakuna shida." Mama mwenyewe swali halijamfikia hadi leo.

Eeh, imelia. Nasimama.

Hii saa ndiyo dawa yangu kubwa, mkitaka kucheka chekeni. Kosa langu lilikuwa siku ya nafuu. Nikiamka sina maumivu, naosha gari, nafua, nahamisha makochi, kisha siku tatu nimelala. Yule dada akasema shughuli tuikate kwa saa, si kwa maumivu: unaacha mwili ukiwa bado una nguvu, unakaa, unarudi. Dakika kumi za vyombo. Wiki inayofuata kumi na mbili. Sujudu tumeianzia kwenye mito mitatu iliyopangwa, sasa nimefika mmoja.

Kingine kitakachowakera: watakupeleka kwa mwanasaikolojia. Nilihamaki. Nikajua wameniona chizi au mwongo. Ila nilivyoelewa mimi ni hivi. Mbwa wa geti nyumba ikivamiwa usiku anabweka, ni haki yake. Wezi wakishaondoka, mbwa yule anabakia kumbwekea muuza maziwa, mjomba, hata jani likianguka. Kubweka ni kwa kweli, koo linamuuma kweli, ila mwizi hayupo. Mishipa ya fahamu ikikaa na maumivu muda mrefu huwa hivyo, na ukosefu wa usingizi, madeni na hofu humchochea mbwa. Hakuna aliyesema naigiza.

Ndiyo maana hata picha ya MRI, ile ya mashine inayoonyesha ndani ya mwili, msiiabudu. Mimi niliambiwa diski, kile kimto kati ya mifupa ya uti wa mgongo, imetokeza, nikaanza kutembea kama nimebeba mayai. Kumbe ukiwapiga picha watu wasioumwa chochote, wa miaka ishirini karibu thelathini kwa mia wanazo diski kama hizo, na wa miaka themanini zaidi ya themanini kwa mia.

Dawa nitapita haraka, si daktari. Nilipewa amitriptyline, miligramu 10 usiku. Dada yangu Tanga akaisoma kwenye simu, akapiga akilia: "Kaka, wanakupa dawa ya sonona?" Ndiyo, ilianza kwa ugonjwa huo, kwa kiwango kikubwa zaidi, na kwa kidogo hutuliza mishipa. Kinywa kinakauka na asubuhi unakuwa mzito, usiendeshe gari kabla hujajijua. Gabapentin na pregabalin, dawa nyingine za maumivu ya mishipa, hapa zimewekwa chini ya sheria ya dawa za kulevya tangu Aprili 2019, kwa hiyo wale mnaoniomba niwatumie kopo, hapana. Na diklofenaki, vile vidonge vya maumivu vya kutoka nyumbani mlivyoficha kabatini, vitajeni kwa daktari. Mizizi na dawa za kuchua pia.

Hili lisingoje kliniki wala miadi: mkojo ukikutoka bila kujua au ukigoma kutoka, ganzi katikati ya mapaja, miguu yote miwili ikilegea. Hiyo ni hospitali ya dharura, saa hiyo hiyo.

Mwisho, mnaoniuliza kama muwalete wazazi watibiwe huku. Mgeni wa viza ya matembezi, matibabu ya hospitali ya kibingwa hapa Uingereza kwa kawaida analipa asilimia 150 ya bei yao. Hesabuni kabla ya tiketi.

Mama yangu goti linamsumbua. Juzi nilimpigia, shikamoo, marahaba baba. Nikajifanya mtaalamu: mama, sifuri mpaka kumi, ngapi? Akasema, "Hesabu ya nini? Goti tu, sijambo." Nikamuuliza basi linakuzuia nini. Akakaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekata.

"Tangu Maulidi sijaenda Pongwe kwa mdogo wangu," akasema. "Ngazi ya daladala iko juu."