Gitaa kwa Mashoto: Kuanzia Ufagio Hadi Kodi Tatu za Kwanza

Karibu sana, mashoto mwenzangu. Kabla ya yote itazame fulana yangu: maandishi yake yanasomeka kinyumenyume. Macho yako ni mazima. Picha ya video hii nimeigeuza kwa makusudi ili iwe kama unajitazama kwenye kioo. Shingo ya gitaa langu inaelekea upande uleule itakakoelekea shingo ya gitaa lako. Mkono wangu ukienda huku, na wako uende hukuhuku.

Gitaa liache hapo lilipo kwanza. Chukua ufagio wa mpini mrefu. Ushike kama unavyowaona wapiga gitaa wakishika, fumba macho, kisha upige wimbo unaoupenda, unaoujua toka mwanzo hadi mwisho. Usifikirie mikono, ufuate wimbo. Baada ya dakika moja fumbua macho uangalie: mkono upi unapiga, na upi umeshika mpini? Sasa geuza ufagio upande wa pili, rudia wimbo uleule. Upande mmoja utajisikia uko nyumbani. Upande wa pili utakuwa kama umevaa shati nje ndani.

Natumia ufagio kwa sababu hauna nyuzi za kukubabaisha. Ukipewa gitaa siku ya kwanza, pande zote mbili ni ngumu, na hapo ndipo mtu anapokwambia: "Mkono wa kushoto ndio unaobonyeza nyuzi, ndio wenye kazi nyingi, kwa hiyo wewe mashoto una bahati. Shika kama wenzako." Niliambiwa hivyo kwenye kwaya yetu, nikaamini. Miezi sita nilipiga kwa mkono wa kulia. Kodi, yaani zile sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, nilizijua zote, tena kwa haraka, lakini mapigo yangu yalichechemea kila wimbo uliposhika kasi. Mwalimu wa kwaya alidhani sifanyi mazoezi, na mimi nikaanza kudhani muziki haukuwa fungu langu. Nilipogeuza gitaa, vidole vilirudi kuwa vya mtoto, ilinibidi kujifunza kodi zote upya, lakini mapigo yalitulia siku hiyohiyo.

Mkono unaobonyeza ukichelewa, msikilizaji anasikia sauti moja chafu, inapita. Mkono unaopiga ukichelewa, wimbo mzima unaanguka. Msikilize Mwenda Jean Bosco, mpiga gitaa wa Katanga huko Kongo, yule ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952. Anapiga kwa vidole viwili tu, gumba na shahada, na unaweza kuapa kuwa wako watu wawili. Gumba halikosi pigo hata moja. Kazi ya namna hiyo ipe mkono wako wenye nguvu.

Huenda nawe, kama mimi, umekua ukiambiwa kuwa mkono wa kulia ndio wa kulia chakula, wa kupokelea na wa kusalimia. Hayo yabaki mahali pake, nami nayafuata mpaka leo. Mkono wa kushoto ukigusa nyuzi haumvunjii mtu yeyote heshima.

Na kama ufagio haukukupa jibu, yaani pande zote mbili zilikuwa sawa kwako? Basi jifunze kwa mkono wa kulia, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Magitaa ya kulia yako kila mahali, utaazima popote. Mark Knopfler, mpiga gitaa wa bendi ya Dire Straits, ni mashoto na anapiga kama watu wa kulia, na sauti yake inatambulika ndani ya sekunde chache.

Ipo pia njia ya kuligeuza gitaa bila kugusa nyuzi, uzi mnene ukabaki chini na mwembamba juu. Elizabeth Cotten, aliyezaliwa mwaka 1893 huko North Carolina, Marekani, alianza hivyo kwa kuchukua ala za kaka yake. Gumba lake likawa linapiga wimbo kwenye nyuzi nyembamba, vidole vikapiga besi, yaani sauti nene, chini. Albert King, mpiga gitaa wa blues, naye alipiga akiwa amegeuza hivyo. Ni njia nzuri kama gitaa la nyumbani ni la kaka yako na huna ruhusa ya kubadilisha nyuzi. La sivyo sikushauri uanze nayo, maana hutapata mwalimu wala mchoro unaofanana na mkono wako.

Sisi leo tunafuata njia aliyoifanya Jimi Hendrix, mpiga gitaa wa roki wa Marekani: gitaa la kulia limegeuzwa, nyuzi zikapangwa upya, uzi mnene ukarudi juu karibu na uso wako. Ukipata gitaa la mashoto lililotoka kiwandani hivyo, linunue, uruke sehemu inayofuata. Ila madukani kwetu utaingia maduka matano bila kuliona hata moja, kwa hiyo nakuonyesha jinsi ya kulitengeneza.

Ukienda dukani tafuta gitaa kavu, yaani lisilo la umeme, lenye nyuzi za nailoni. Tazama umbo lake: mabega yake mawili yafanane. Yale yaliyokatwa bega moja yatakusumbua, kwa sababu ukigeuza, ule mkato unakuja juu mahali pasipo na faida. Halafu tazama darajani, pale chini nyuzi zinapofungwa. Kuna kijifupa cheupe kinachobeba nyuzi. Kwenye gitaa la nailoni kwa kawaida kimelala sawasawa. Kwenye gitaa la nyuzi za chuma kimelazwa mshazari, na mshazari huo umepimwa kwa mpangilio wa kulia. Ukigeuza nyuzi, gitaa litakuwa sawa zikipigwa wazi, lakini ukipanda juu shingoni sauti hazitakuwa sahihi.

Sababu ya pili ni unene. Kwenye nyuzi za nailoni, uzi wa 1, mwembamba kuliko zote, una kama milimita 0.7 na wa 6, mnene kuliko zote, kama 1.1. Kwenye seti ya kawaida ya chuma, uzi wa 1 ni milimita 0.3 hivi na wa 6 unapita 1.3. Mifereji ya kupitishia nyuzi imechongwa kufuata unene huo, ndiyo maana nailoni inavumilia kugeuzwa. Na tafadhali, usije ukafunga nyuzi za chuma kwenye gitaa la nailoni kwa sababu tu ni rahisi kuzipata. Mvuto wake ni karibu mara mbili. Daraja litang'oka.

Haya, nasogeza kamera. Gitaa limelala mezani juu ya kanga iliyokunjwa. Legeza vigingi vyote, vile vya kukazia nyuzi kichwani, kidogokidogo, kila uzi zamu yake, usilegeze mmoja mpaka mwisho wakati nyingine zimekaza. Zikilegea kabisa, toa zote. Kijifupa cha darajani hakijagundishwa, kivute juu kwa vidole, kigeuze mwisho kwa mwisho, ukirudishe. Hicho umekimaliza.

Kijifupa cha juu, pale shingo inapokutana na kichwa, ndicho kinachotaka subira. Mara nyingi kimeshikwa na gundi kidogo. Pitisha wembe kwenye kingo zake ili rangi isibanduke, kisha kisukume taratibu kutokea ubavuni. Kikikataa, acha. Peleka kwa fundi wa magitaa, kazi hii kwake ni ndogo. Kikitoka, kigeuze pia, lakini ukitazame hapa kwa karibu: mifereji yake ina mteremko mdogo unaoshuka kuelekea kichwani. Ukikigeuza, mteremko unaelekea upande wa vidole, na uzi utaanza kuvuma kama nzi kwenye chupa. Kunja msasa laini, pitisha mferejini taratibu mpaka sehemu ya juu kabisa iwe upande wa shingo. Usichimbe kwenda chini, maana ukizidisha kina hakuna kurudi. Mimi baada ya wiki chache nilimwomba fundi anichongee kipya cha mfupa wa ng'ombe, na huo ndio ushauri wangu kwako pia kama gitaa unalipenda.

Sasa nyuzi. Lipakate gitaa shingo ikielekea kuliani kwako. Uzi wa 6, ule mnene kuliko zote, unakaa juu, karibu na kidevu chako. Chini yake wa 5, wa 4, wa 3, wa 2, na wa 1 mwembamba ukielekea magotini. Funga darajani, peleka juu, zungusha kigingi. Kutoka mnene kwenda mwembamba sauti zake ni E, A, D, G, B, E. Kwa wanamuziki wa Kongo utasikia mi, la, re, sol, si, mi, ni zilezile. Pakua programu ya bure ya kutyuni, yaani kuweka sauti za nyuzi sawa, kwenye simu, piga uzi, kaza polepole mpaka ikubali. Nyuzi mpya za nailoni zinanyooka, zitashuka tena na tena kwa siku kadhaa. Gitaa lako si bovu. Endelea kutyuni.

Kaa kwenye kiti kisicho na mikono. Kiuno cha gitaa kikae juu ya paja la kushoto, mkono wa kushoto upite juu yake uangukie kwenye tundu. Gumba la kulia liwe nyuma ya shingo, vidole vinne mbele. Kama bega la kulia limepanda kuelekea sikio, umekaza mwili. Shusha pumzi, anza tena.

Kabla ya kodi yoyote, nataka mapigo. Laza vidole vya kulia juu ya nyuzi bila kubonyeza, ili zisilie. Kwa mkono wa kushoto piga kwenda chini: moja, mbili, tatu, nne. Hapo unasikia mkwaruzo tu, na mkwaruzo ndio ninaoutaka. Weka wimbo wowote wa rumba kwenye redio ukwaruze nao mpaka uishe. Fanya hivi siku mbili nzima kabla ya kwenda mbele. Najua unatamani kodi. Nakuomba siku hizo mbili.

Kuhusu michoro ya kodi: karibu yote imechorwa kwa ajili ya watu wa kulia. Mstari wa kushoto kabisa ni uzi wa 6, na kwako unatakiwa uuone kuliani. Usihangaike kuigeuza kichwani. Isome kwa namba, tena kwa sauti: uzi wa ngapi, freti ya ngapi. Freti ni nafasi kati ya vyuma vinavyokatiza shingo, zinahesabiwa kuanzia kichwani. Uzi wa 5 freti ya 2 ni palepale kwa kila mtu duniani. Na unapotazama video za walimu wa kulia, kaa ukijua kuwa mwalimu anayekutazama ni kioo chako tayari. Wanafunzi wao ndio wanaolazimika kugeuza, wewe fuata tu.

Kodi ya kwanza ni E. Kidole cha kati uzi wa 5 freti ya 2. Cha pete uzi wa 4 freti ya 2. Shahada uzi wa 3 freti ya 1. Bonyeza nyuma kidogo ya chuma cha freti, si juu yake. Piga uzi mmojammoja. Uliokufa utafute: ama hujabonyeza vya kutosha, ama kidole cha jirani kimeuegemea. Kisimamishe kidole kwenye ncha.

A: shahada, cha kati na cha pete, vyote freti ya 2, kwenye nyuzi za 4, 3 na 2. Hapo ni finyu, vidole vitabanana, panga vikae mshazari. Uzi wa 6 usiupige.

D: shahada uzi wa 3 freti ya 2, cha kati uzi wa 1 freti ya 2, cha pete uzi wa 2 freti ya 3. Anza kupiga kutoka uzi wa 4.

Ncha za vidole zitauma. Dakika kumi na tano asubuhi na kumi na tano jioni zinatosha kwa wiki ya kwanza.

Sasa tazama nilichokupangia. Kodi hizi tatu, kila moja ina besi yake kwenye uzi usiobonyezwa: E ni uzi wa 6, A ni wa 5, D ni wa 4. Gumba lako la kushoto halihitaji kutafuta chochote. Shika E. Gumba lipige uzi wa 6, shahada ya kushoto ichomoe uzi wa 1. Gumba, shahada, gumba, shahada. Mara nne, hamia A, gumba lishuke uzi wa 5. Mara nne, hamia D, uzi wa 4. Rudi A, kisha E. Mkono wa kulia ukichelewa kufika kwenye kodi, gumba lisiusubiri, liendelee kupiga besi peke yake mpaka vidole vifike. Sauti chafu nakusamehe wiki hii. Kusimama sikusamehe.

Tupige pamoja sasa, polepole, tukianza na E. Na kesho asubuhi, kabla hujagusa kodi hata moja, tyuni kwanza: usiku mmoja utakuwa umezishusha zote sita.