Mechi 1,252 za Jesse Orosco

Ndugu zangu, nianzie Houston, tarehe 15 Oktoba 1986, ndani ya uwanja wa Astrodome. Besiboli huchezwa awamu tisa, ila pointi zikiwa sare huendelea, na siku ile walifika ya 16. Kwenye kichuguu anaposimama mrushaji alikuwa Jesse Orosco wa New York Mets, mzaliwa wa Santa Barbara, California, anayerusha kwa mkono wa kushoto. Aliingia awamu ya 14 Mets wakiongoza kwa pointi moja, na muda si mrefu Billy Hatcher wa Houston akaupiga mpira ukatoka uwanjani. Sare.

Kocha hakumtoa. Awamu ya 16 Mets wakapata pointi tatu, Houston wakarudisha mbili, na wakimbiaji wao wawili wakawa vituoni, tayari kukimbilia pointi, Kevin Bass alipokuja na gongo. Orosco alikuwa hoi. Akaacha mipira ya kasi, akamrushia inayopinda tu, mmoja baada ya mwingine, hadi Bass akakosa wa mwisho. Mets 7, Houston 6. Ulikuwa ushindi wake wa tatu katika raundi ile moja, iliyowapeleka Mets fainali.

Nawaomba mwitazame kazi yenyewe. Mrushaji anayeanza mechi huijua zamu yake siku kadhaa kabla. Wa akiba hukaa pembeni mwa uwanja akisubiri simu kutoka benchi. Ikilia, anapasha mkono kwa dakika chache, kisha anaingia mwenzake ameshachafua: wapinzani wako vituoni, uongozi ni mwembamba. Deni si lake, lakini analilipa yeye. Akifaulu, kesho yake anaweza kuitwa tena. Naiheshimu sana kazi hii, na ninaona hatuisemi vya kutosha.

Orosco aliifanya kwa misimu 24 ya ligi kuu, kuanzia 1979 hadi 2003, katika timu tisa. Mechi 1,252, na kati ya hizo alianza nne tu. Hakuna mrushaji mwingine aliyefikia idadi hiyo. Jumla ya awamu zake ni 1,295 na kidogo: wastani wa awamu moja kwa kila mechi! Rekodi ya Dennis Eckersley, ya mechi 1,071, aliipita mwaka 1999 akiwa Baltimore.

Mkono wa kushoto ndio uliomweka kazini muda wote huo. Mpigaji wa kushoto husumbuka na mrushaji wa kushoto, kwa sababu mpira unaopinda humkimbia. Uzeeni Orosco aliitwa mara nyingi kwa ajili ya mpigaji mmoja au wawili tu, kisha akatoka. Tangu 2020 kanuni inamtaka mrushaji akabili wapigaji watatu au amalize nusu ya awamu, hivyo mlango aliopitia umezibwa.

Picha yake inayojulikana ni ya tarehe 27 Oktoba 1986, mechi ya saba ya fainali dhidi ya Boston. Alimtoa mpigaji Marty Barrett, akaitupa glavu juu angani, akapiga magoti mikono ikiwa juu. Mets wametwaa ubingwa mara mbili tu, 1969 na 1986. Aliyekuwa kichuguuni mwisho wa ile ya 1969 ni Jerry Koosman. Na Orosco alifika Mets kama sehemu ya malipo ya Koosman huyohuyo, alipopelekwa Minnesota Twins. Kila nikilifikiria hilo nasisimka.

Twins ndio waliomchagua Orosco mwaka 1978, wakamwachia kabla hajawarushia mpira hata mmoja katika ligi kuu. Mwaka 2003, akiwa na miaka 46, alirudi kwao. Hapo ndipo aliporusha mipira yake ya mwisho.