Stima ya Mia Tano
(Mhadhara uliotolewa mjini Lamu, baada ya Alasiri)

Asalaam aleikum wazee wetu, mama zetu. Vijana mliosimama mlangoni ingieni, mkeka bado una nafasi, na mlango huo ndio unaotuletea upepo.

Leo asubuhi nimenunua tokeni ya stima ya shilingi 500. Ujumbe ulipoingia nikaunakili kwenye karatasi hii, maana kioo cha simu yangu kimepasuka na macho nayo si yale ya zamani. Thamani ya tokeni: mia tatu na ushei. Makato mengine: karibu mia mbili. Nimealikwa kuzungumzia sera ya nishati. Kwa kuwa nimefundisha jiografia miaka mingi, ningeweza kuwachorea ramani ya dunia na mishale yake. Lakini sera yenyewe imo humu, kwenye hizi mia mbili.

Ukiyapekua makato utakuta gharama ya mafuta, tofauti ya fedha za kigeni, mfumuko wa bei, tozo ya kupeleka stima vijijini, na VAT. Nitashika mawili ya mwanzo.

Mtu ataniuliza, si tunaambiwa stima ya Kenya ni safi? Ni kweli. Zaidi ya asilimia 80 ya umeme wetu hutokana na mvuke wa ardhini, maji, upepo na jua. Mvuke wa Olkaria, kule Naivasha, unazalisha tangu 1981. Basi mafuta yanaingilia wapi? Yanaingilia wakati wa magharibi, jua likichwa. Sote tunarudi nyumbani wakati mmoja: taa, televisheni, pasi, mota ya kupandisha maji. Baina ya saa moja na saa tatu usiku ndipo nchi nzima huvuta stima kwa nguvu zake zote, na saa hizo paneli za Langobaya, kule Malindi, megawati 40, zimeshalala. Hapo ndipo mitambo ya mafuta huamshwa, na mingine iko papa hapa Pwani, Kipevu na Rabai. Mafuta yake yanalipwa na huu mstari wa kwanza. Kwa hiyo anayekuahidi jua peke yake bila kukuambia litahifadhiwa wapi mpaka usiku, amekupa nusu ya habari.

Mstari wa pili ndio unaoninyima usingizi. Fedha za kigeni. Mimi na wewe tunalipa shilingi, lakini mitambo mingi imejengwa kwa mikopo ya dola na yuro, na mikataba ya kuuza umeme imeandikwa kwa sarafu hizohizo. Shilingi ikiteleza, tunaongezwa.

Sasa twende Kwasasi. Mnaijua, ng'ambo kule bara, si mbali na mji wa Hindi. Pale ndipo palipotakiwa kujengwa mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050, kwa gharama ya dola kama bilioni mbili. Makaa yangekuja kwa meli kutoka Afrika Kusini, hadi yale ya Kitui yachimbwe. Wakati huo nchi nzima, saa ya matumizi makubwa kabisa, haikufika megawati 2,000. Hebu pimeni wenyewe.

Wengi mliandamana kwa ajili ya moshi, samaki na mikoko, na mlikuwa na haki. Mimi kilichonitisha ni mkataba. Ulikuwa wa miaka 25, na ndani yake mna malipo ya mtambo kuwa tayari. Chukua mfano wa mtu aliyekodi jahazi. Mkataba unasema atamlipa nahodha kila mwezi, miaka 25, jahazi lisafiri lisisafiri, liwe na shehena au liwe tupu limefungwa gatini. Na amlipe kwa dola. Nani hapa angetia sahihi? (Sauti: "Hata mlevi!") Haya, si mimi niliyesema.

Tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ikafuta leseni ya mradi, ikasema wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Novemba 2020 benki kubwa ya Kichina iliyotarajiwa kutoa mkopo ikajitoa. Mwaka uliofuata Rais Xi Jinping akatangaza kwamba China haitajenga tena mitambo mipya ya makaa ya mawe nje ya nchi yake. Na Oktoba 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Malindi ikaitupa rufaa ya wenye mradi. Kuna wanaosema mradi uliuawa na Wachina. Tazameni tarehe: kesi ya watu wa Amu, yaani sisi wa Lamu, ilitangulia.

Lakini tusijipongeze sana. Mkataba wa namna ile haujali kinachoendesha mtambo. Kule Ziwa Turkana mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa tayari mwaka 2017. Laini ya kuleta umeme mjini haikuwa imekamilika, ikakamilika Septemba 2018. Muda wote ule upepo ulivuma bure na Wakenya wakatozwa. Upepo ni safi, hauna moshi, hauna jivu. Deni lake lilikuwa deni kama la makaa. Na hapa kwetu Baharini, Mpeketoni, mradi wa upepo wa megawati 90 ulikwama kwenye mzozo wa ardhi kabla hata nguzo moja haijasimama. Mwenye shamba halainiki kwa sababu umemwambia kaboni itapungua hewani.

Mafuta ya Turkana nitayapitia haraka. Yaligunduliwa 2012, na bomba la kilomita 820 hivi kutoka Lokichar hadi Lamu bado liko kwenye makaratasi. Uganda nayo mwaka 2016 ilichagua kupitishia yake Tanga. Likija, kumbukeni bandari yetu ya Lamu: mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wake, na kesi hiyo ilikuwa imefunguliwa tangu 2012. Miaka sita ya kwenda na kurudi Malindi kwa nauli zao.

Nimalizie jikoni, maana kila tukisema nishati wanaume hufikiria nguzo na nyaya. Mwaka 2016 serikali iliondoa VAT kwenye gesi ya kupikia, watu waache mkaa na kuni. Wakaitika. Julai 2021 kodi ikarudi, asilimia 16. Mwaka 2022 ikashushwa hadi 8. Mwaka 2023 ikaondolewa tena.

Hapo Langoni kuna bibi anakaanga mahamri, ninanunua kwake kila asubuhi. Mtungi wake wa kilo sita uko mvunguni mwa kitanda tangu 2021, umefunikwa kanga ya zamani, na yeye yuko kwenye jiko la mkaa, macho mekundu. Nikamwambia, bibi, kodi ya gesi imeshatolewa. Akageuza hamri, akangoja livimbe, ndipo akanitazama.

"Wataregesha, mwanangu."