Siwu: Lugha Ndogo, Maneno Yanayoonekana

Neema: Haya karibuni tena jamani, leo kaka Shabani kaniletea lugha ambayo nilikuwa hata jina lake sijawahi kulisikia.

Shabani: Siwu, dada. Iko Ghana, Mkoa wa Oti, zamani ilikuwa Volta, kule milimani karibu na mpaka wa Togo, Akpafu na Lolobi, wanaoiongea ni maelfu tu na pembeni yao kuna Kiewe ambacho ndo kikubwa. Sasa sikiliza hii, watu wenyewe ni Mawu, nchi yao Kawu, lugha Siwu.

Neema: Ngoja ngoja, si kama Baganda, Buganda, Luganda!

Shabani: Eeh! Na hawa siyo Wabantu kabisa, ila ngeli wanazo, kote ni ukoo wa Niger-Kongo. Alafu kwenye Siwu kuna ile sauti ya kp na gb. Sisi tukiiona tunasema "ke-pe", hapana, midomo inafunga kama ya p, huku nyuma ulimi umeziba kama wa k, unaachia vyote kwa mpigo.

Neema: Kp... kpa. Aisee.

Shabani: Umepata! Ila kilichonikamata mimi ni tanakali, yale maneno yanayoigiza kitu kilivyo. Mtu mwenye kitumbo kidogo cha duara ni pimbilii. Likiwa tumbo kubwa hasa, pumbuluu.

Neema: Pimbilii... pumbuluu. Yaani mdomo wenyewe unapanuka ndani!

Shabani: Ndo maana nasema yanaonekana. Kuna Mholanzi, Mark Dingemanse, alikaa nao akaandika tasnifu yake ya udaktari juu ya maneno haya tu, 2011. Na alichokikuta ni kwamba siyo mapambo. Wazee wanatengeneza baruti kienyeji, inapigwa kwenye misiba, sasa pale kwenye kazi wanajadili imefikia wapi, ikiwa chembechembe kama mchanga ni safaraa, ikiwa laini kabisa ni dɛkpɛrɛɛ, mmoja anasema neno na mwenzie anajua vidole vitahisi nini.

Neema: Hapo umenigusa kwa kweli, maana shule sisi tulikaririshwa nyeupe pe, nyeusi ti, kimya jii, unajaza mtihani basi. Lakini bibi yangu Tanga alikuwa akipika maharage anachukua punje moja anaibonyeza, anasema bado, nataka rojorojo. Ile ilikuwa kipimo! Ukienda kinyume unaambiwa rudisha jikoni.

Shabani: Sawasawa kabisa, na mimi inaniuma tunavyoyachukulia kama maneno ya kitoto. Mtu akiandika ripoti hawezi kuweka "chepechepe", ataandika "yenye unyevunyevu mwingi", na hapo hujui kama ni udongo wa mvua au nguo iliyotoka kwenye beseni.

Neema: Nipe jingine kabla hatujafunga.

Shabani: Mukumuku. Hilo ni mdomo wa mtu asiye na meno anavyokula.

Neema: Mukumuku... Shabani, sisi tuna kumumunya.

Shabani: Eeh.

Neema: M na m, midomo inakutana hakuna jino katikati. Bibi miaka yake ya mwisho alikuwa anakula ndizi hivyo hivyo, taratibu, macho kafumba. Namuona kabisa hapa.